Faili la Selvije

Jumanne hiyo Bibi Selvije alikuwa jikoni akisukuma unga wa pite, ule mkate wa matabaka wa kwao, na mjukuu wake Yllka alikuwa chumba cha nyuma akitoa kiki ya biti yake, yaani ule mdundo mzito unaoshika mwendo. Kutoa kiki si kazi kubwa. Unazima sauti nyingine zote za biti, unaiacha hiyo moja peke yake, unaiamuru kompyuta iiandike kwenye faili lake kuanzia sifuri mpaka mwisho, kisha unakaa. Kiki ya Yllka haikuwa ya dukani. Ilikuwa mlango wa ghala la kuni la nyumba yao hapo Prizren, ambao aliupiga teke majira ya baridi yaliyopita huku kinasa sauti kikiwa kimetundikwa kwenye msumari wa vitunguu. Faili lilipokamilika, bibi alikuwa ametoka kuchukua kuni. Akatoka ghalani na mzigo kifuani, akausukuma mlango kwa kisigino kama kawaida yake, na mlango ukafungwa bila kulia.

Aliweka kuni chini, akaufungua, akaubamiza. Ulikwenda, ukarudi, ukakaa mahali pake, ila kishindo hakikuwepo. Akamwambia Yllka kupitia dirishani kwamba mlango umekuwa bubu. Yllka akajibu kwamba alikuwa anatoa kiki. Bibi akasema basi, kumbe, akarudi kwenye unga wake kabla haujakauka.

Biti hiyo ilikuwa na nyumba nzima ndani yake. Yllka hakupenda sauti za dukani, alisema kila mtu anazo, ukizisikia Tirana umezisikia na Berlin. Yeye alinasa vilivyokuwepo. Mlango ukawa kiki. Kokwa za jozi zilizopasuliwa kwa nyundo zikawa makofi. Bomba la uani, ambalo hunguruma kila likifunguliwa, alilishusha kwenye kompyuta mpaka likawa besi. Dufu lilikuwa la Mejreme, jirani wa ukuta kwa ukuta, aliyepiga dufu kwenye harusi zote za mtaa tangu Yllka yumo tumboni. Na juu ya hayo yote palikuwa na sinia la Bibi Selvije, pamoja na sauti yake.

Bibi Selvije alizaliwa juu milimani, Opoja, ambako wanawake huimba na sinia. Ni sinia kubwa la shaba, lile lile la kuokea. Husimamishwa kwa ukingo wake juu ya meza fupi ya mviringo, mwimbaji akalizungusha kwa viganja, likawa linazunguka na kuvuma, naye akaimba ndani ya ule mvumo. Haimbi papo hapo. Kwanza huliacha lizunguke mpaka litulie, na chumba kizima hungoja, na mwenye kikohozi hukimeza. Kungoja huko hakuna kipimo. Bibi alifundishwa na mama yake enzi za askari wa kuzunguka uani, ambapo sinia lilizungushwa ili minong'ono ya wanaume chumba cha pili isisikike nje. Askari walisimama dirishani wakisikiliza nyimbo za harusi isiyokuwepo, na wengine, alisema bibi, walipiga makofi.

Biti ilichukuliwa na Zheg. Huyu ni rapa wa Stuttgart, mtoto wa watu wa huku huku aliyezaliwa kule, na kila Agosti huja na gari lake kama wanavyokuja wote. Mazungumzo yalifanywa na Valdet, binamu yake, ambaye ndiye msimamizi wa kazi zake. Valdet alisema wanaitaka biti iwe ya Zheg peke yake, isiuzwe kwa mwingine. Yllka alikubali, kwa sharti moja: kwenye wimbo liandikwe jina lake, na la bibi yake. Valdet akampa besa. Besa ni neno la mtu, na kwao neno hilo haliandikwi, kwa sababu kumtaka mtu aiandike besa yake ni kumtukana yeye na baba yake. Yllka hakutaka kumtukana baba wa mtu. Mkataba uliokuja baadaye ulikuwa na mambo mengi ndani yake, na majina hayakuwemo, naye akautia sahihi akijua besa ipo.

Mpaka hapo hakuna kilichoharibika. Biti ilikwenda nzima nzima, sauti zote zimeshikana, na nyumba ikaendelea kulia kama ilivyokuwa ikilia. Mambo yalianza pale wimbo ulipopelekwa kwa fundi mitambo wa Hamburg, mzee mmoja mpole aitwaye Detlef, ili autengeneze kitaalamu. Fundi wa namna hiyo hawezi kufanya kazi na biti iliyoshikana. Alituma ujumbe wenye adabu nyingi: kila sauti aipate kwenye faili lake, mafaili yote yaanze sifuri ili yakiwekwa pamoja yalingane, yawe na urefu mmoja hata kama sauti yenyewe inaingia mwishoni, na yawe makavu, bila mwangwi wala manukato, kwani hayo angeyatia mwenyewe.

Baada ya mlango zikafuata jozi. Bibi alipasua jozi za baklava mchana kutwa na jikoni palikuwa kimya kama ofisi. Kisha bomba: maji yalitoka, yakajaa ndoo, yakamwagika, na hakuna aliyejua mpaka viatu vilipolowa. Yllka aliona, na alielewa. Alijiambia kwamba ni vitu vya nyumbani, vitazoea. Mtu aliyengoja miaka mingi katika chumba cha nyuma hujiambia mengi.

Siku alipotoa dufu, Mejreme alikuja na dufu lake kwapani, akaketi bila kukaribishwa.

"Mwanangu," alisema, "umeniuzia dufu, hata kahawa hukuniita?"

Akalipiga. Ngozi ilitetemeka, vikuku vya pembeni vikachezacheza, sauti hapana. Yllka akamweleza habari za mafaili na fundi wa Hamburg. Mejreme alisikiliza akitikisa kichwa, kama mtu anayeelezwa habari za kodi ya maji.

"Na Blerta, binti yangu, anatiwa hina ya harusi Agosti hii," alisema. "Nimpigie nini, mapaja?"

Yllka alisema, "Nitaongea nao, shangazi. Nisamehe."

"Mimi nishakusamehe, nilikuogesha ungali mwekundu. Lakini hao sikuwaogesha." Akanywa yote kahawa aliyowekewa, akaondoka na dufu lake.

Hata hivyo Yllka alitoa na sinia. Hili ni lazima lisemwe, kwa kuwa baadaye watu walimsifu sana wakalisahau. Alikuwa bado anaamini kwamba jina lingekuja. Alilitoa sinia asubuhi, na mchana bibi akalichomoa kwenye oveni likiwa na pite ya mchicha, kitambaa kikamteleza, sinia likaanguka sakafuni. Pite ilitawanyika mpaka chini ya kabati. Paka aliyekuwa amelala pale hakufumbua jicho.

Bibi Selvije alilitazama sinia muda mrefu. Aliliokota, akalisimamisha kwenye meza fupi, akalizungusha. Lilizunguka vizuri sana, likang'aa, na halikuvuma. Akalizuia kwa kiganja. Ilimuuma, wala hakuficha kwamba imemuuma. Aliketi mbele ya lile sinia mikono imelala mapajani, na pite ya chini ya kabati ikaliwa na paka.

Ndipo Yllka akampigia simu Valdet. Alimkuta barabarani, akiendesha. Alimweleza kwamba sauti zimekwenda kweli kweli, mlango, jozi, bomba, dufu la watu, na sasa sinia. Valdet hakushangaa. Alisema ndivyo inavyokuwa kitu kikiuzwa moja kwa moja.

"Dada yangu, tusizungushane. Zheg amenunua mlango. Nyinyi mmebaki na mbao, na mbao ni kitu kizuri."

"Na majina?"

"Majina yamejaa. Kampuni inataka majina machache, watu hawasomi siku hizi."

"Ulinipa besa, Valdet."

"Nilikupa kwa simu," alisema Valdet, "na siku ile mtandao ulikuwa mbovu."

Upande wa pili taa ya gari ya kukata kona ilisikika ikitiki, tiki, tiki. Kisha Valdet akalainika. Alisema Detlef anasubiri faili la mwisho, lile la sauti ya yule mama. Bila hiyo sauti wimbo hauna roho, hata Zheg mwenyewe amesema. Basi Yllka afanye hivi: alitume kabla ya Ijumaa, na yeye Valdet ataingia kampuni, atagonga meza, jina la Yllka litaandikwa. La bibi haliwezekani, bibi atalifanyia nini. Lakini la Yllka litakaa pale chini ya la Zheg, kila mtu alione. Prodyuza, Yllka wa Prizren. Asipolituma, wamemvunjia mkataba na mtu yeyote mwenye studio kuanzia Zürich hadi Pristina atajua yeye ni mtu wa namna gani.

Yllka akakata simu. Tusimfanye malaika. Aliitaka ile nafasi. Biti zake zilikuwa zikichezwa kwenye magari ya watu yanayopita chini ya dirisha lake, na waliokuwa ndani ya magari hawakujua kwamba aliyezitengeneza ndiye yule anayeanika shuka pale juu. Aliyataka yale maneno manne chini ya jina la Zheg kwa tamaa iliyomkausha mate.

Akaenda jikoni akamweleza bibi kila kitu, hata sehemu inayomfedhehesha. Bibi alikuwa akipanga pilipili za kuoka.

"Nikiwa bubu," aliuliza bibi baada ya kufikiri, "nitaweza kukusema ukiacha vyombo usiku kucha?"

"Hutaweza, bibi."

"Basi kwako ni faida tupu."

Akaendelea na pilipili zake. Alikuwa na desturi hiyo, akiulizwa jambo zito huliacha kwanza likae hewani, na wageni wasiomjua walidhani hajasikia. Alimaliza safu nzima.

"Zamani tulifunika sauti za watu wetu kwa sinia," alisema. "Sasa sinia wamelichukua, wanaitaka na koo. Mwambie aje aing'oe mwenyewe, niko hapa, mlango haulii hata akiingia. Ila wewe usiwe mkono wake." Akafuta vidole. "Hayo ni yangu. Jina ni lako, mjukuu wangu, na kuamua ni kwako." Akatoka kwenda kuwapa kuku makombo.

Yllka alirudi chumba cha nyuma, akalifungua lile faili la mwisho. Kwa kuwa mafaili yote yalitakiwa yaanze sifuri, sauti ya bibi haikuwa mwanzoni. Mwanzoni palikuwa na kule kungoja. Siku ya kunasa, sinia lilikuwa likizunguka kwenye kinasa cha pili, na hiki cha kwanza, kilichowekwa karibu na mdomo wa bibi, hakikuwa na kitu ila bibi mwenyewe akiwa hajaanza. Ukiongeza sauti unamsikia: pua yake, kitambaa chake kikisugua bega, ulimi ukilowesha midomo. Kisha pumzi ndefu ikivutwa. Kisha wimbo.

Alisikiliza mara nyingi, na kila mara hasira ilimpanda juu kidogo, mpaka ikapita mahali palipokuwa na ile tamaa. Akaweka kisu cha kompyuta baada ya pumzi, kabla ya wimbo, akakata. Wimbo akautupa nje ya faili. Kilichobaki akakirefusha kwa utupu kifikie urefu uleule wa mafaili mengine. Likawa faili halali kabisa. Lilianza sifuri, lilikuwa kavu, halikuwa na mwangwi wala manukato. Alipofika pa kuandika jina la faili aliandika SELVIJE, kwa herufi kubwa, akaamuru kompyuta ilitoe.

Kisha akakaa mikono imefunika mdomo, masikio yote uani. Bibi alikuwa anawatukana kuku. Aliwatukana kwa mpangilio, mmoja mmoja, kwa sauti yake yote, na Yllka akalia kwa furaha, akalituma faili Hamburg.

Kilichokwenda kilijulikana jioni. Bibi alimimina kahawa ikichemka akaimeza papo hapo. Aliitoa pite kwenye oveni kabla ya kuiva katikati, na majira yale yote walikula pite mbichi. Yllka alipofungua mdomo kuuliza kama amepumzika, bibi alikuwa ameshajibu kwamba hajapumzika na hataki. Mzee wa watu alikuwa hana tena kungoja. Wageni walikuja na mambo yao mazito wakaambiwa ukweli wakiwa bado mlangoni wanavua viatu. Wengi walisema amekuwa bora zaidi kuliko zamani.

Detlef aliandika baada ya siku kadhaa. Faili limefika, alisema, na limekaa sawa na mengine. Ila angependa kujulisha kwamba wimbo ukifika pale pa faili hilo, kila kitu kinasimama: kiki, besi, makofi, dufu, sinia, hata mistari ya Zheg, na yeye mwenyewe husimama kiti chake kikiwa nusu mzunguko, akingoja. Ikiisha, vyote vinaendelea. Amejaribu kulitoa faili na kungoja kumebaki. Amekagua mitambo yote na haoni kosa, kazi imetolewa kwa usafi. Akauliza, kama si utovu wa adabu, huyo Selvije ni nani. Yllka akamjibu: ni bibi yangu. Detlef akashukuru, na jibu hilo hakuna aliyelitumia popote.

Valdet alipiga simu akafoka, akauliza ni wimbo wa nani husimama katikati. Lakini kampuni iliuchezesha kwa watu wachache wa majaribio, nao walisimama, wakangoja, na walipoulizwa walisema hapo ndipo walipopapenda. Basi ukatoka hivyo hivyo mwanzo wa Julai. Haikupita muda ukawa kwenye kila gari. Pale taa za kuelekea Suhareka magari yalikuwa yakisimama hata taa ikiwa kijani, madirisha wazi, madereva wakitazama mbele, kisha wote wakaondoka pamoja. Askari wa barabarani walizoea. Kwenye wimbo liliandikwa jina la Zheg, na majina mengine machache ya watu ambao Yllka hakuwajua. La kwake halikuwemo. Hakulituma lile Valdet alilotaka, na Valdet alikuwa mtu wa kutimiza vitisho vyake.

Blerta alitiwa hina bila dufu na bila sinia. Si kweli, dufu lilikuwepo na sinia lilikuwepo. Mejreme alilipiga dufu bubu mpaka viganja vikawa vyekundu, na sinia likazungushwa juu ya meza fupi, na wanawake wote walijua mahali ambapo sauti ingekuwepo, wakazifuata hatua zake. Bibi Selvije aliimba bila kungoja sinia litulie, wala bibi harusi aketi. Watu walimaliza wakiwa na jasho. Kutoka barabarani ungeona kivuli cha wanawake wanaocheza kwa mpangilio na ungesikia mzee mmoja tu anaimba.

Harusi yenyewe ilikuwa ukumbi mkubwa wa nje ya mji, wenye taa za kupanda na kushuka na kioo kikubwa cha kuonyesha majina ya nyimbo. Nusu ya wageni walikuwa watu wa Agosti, wenye magari ya Ujerumani na Uswisi. Valdet naye alikuwepo, kwa kuwa bwana harusi alikuwa ndugu yake upande wa mama, na Prizren haina harusi ambayo mtu hana ndugu. Alimsalimia Yllka kwa mkono moyoni kana kwamba hakuna lililotokea.

Mara wimbo ukawekwa. Kishindo cha mlango wa ghala la kuni kilijaa ukumbini, na Yllka, aliyekuwa akikisikia kwa mbali tu kwenye magari ya watu, alishika meza. Zikaja jozi, likaja bomba. Mejreme alilitambua dufu lake, akakunja mikono, akakataa kusimama. Alisema hawezi kuchezeshwa na dufu lake mwenyewe lililoko kwa watu. Kioo kiliandika ZHEG. Vijana walijaa uwanjani.

Kisha ikafika pale. Kila kitu kilisimama. Wachezaji walisimama mikono ikiwa juu, mhudumu alisimama na sinia la nyama, bwana harusi alisimama akiwa anamwambia jambo Blerta sikioni. Valdet alisimama glasi imefika mdomoni. Yllka pia, pumzi imekaa kifuani. Walikuwa wanangoja, kama ilivyokuwa desturi ya kila mahali tangu Julai.

Ni mtu mmoja tu ndani ya ukumbi ule ambaye hakuwa na kungoja. Bibi Selvije aliweka uma wake chini, akainuka, akarekebisha kitambaa chake cheupe, akaimba. Aliimba pale pale mezani kwa sauti ya milimani iliyozoea kupita juu ya mvumo wa shaba, na kwa kuwa hapakuwa na mvumo wowote wa kupita juu yake, ilikwenda mpaka jikoni kwa wapishi, ikaenda mpaka nje kwenye maegesho. Ulikuwa wimbo wa bibi harusi anayetoka kwao. Aliumaliza wote. Hakuna aliyeweza kumkatiza, wala kupiga makofi, wala kugeuza macho, na machozi ya wanawake wa Opoja waliokuwa meza ya nyuma yalishuka bila kufutwa. Alipomaliza aliketi akashika uma wake, na wimbo wa Zheg ukaendelea kutoka pale ulipoishia.

Simu zilizokuwa zikirekodi hazikupata kitu ila ule utupu. Kioo bado kilikuwa kimeandika ZHEG, na watu walipoachiwa walimpigia Zheg makofi, kwa kuwa mkono wa mtu hupiga makofi kwa jina lililo mbele yake.

Valdet alikuja mezani kwao shati limemwagikiwa na divai. Aliinama kwa heshima, maana bibi wa watu ni bibi wa watu.

"Bibi yangu, umeimba ndani ya wimbo wenye mwenyewe," alisema. "Kisheria hilo ni..."

"Nishtaki," alisema Bibi Selvije, ambaye hakungoja amalize. "Nenda kanishtaki, mwanangu. Na kwenye mashtaka uniandike jina. Selvije. Uliandike vizuri, herufi zote, na la mjukuu wangu pembeni, useme sauti ni ya nani na mlango ulikuwa wa nani. Mimi karatasi hiyo nitaibandika jikoni."

Valdet alifikiri. Ilionekana kwamba amefikiri mpaka mwisho. Akasema pite ni nzuri, akarudi mezani kwake kubadili shati.

Hakushtaki. Jina halijaandikwa popote mpaka leo. Yllka anauza biti nzima nzima kwa watu wadogo wa huku huku, wale wakubwa hawapokei simu zake, na jikoni kwao jozi hupasuliwa kimya. Lakini majira yale ya harusi Bibi Selvije hakulala nyumbani Jumamosi hata moja. Alikuwa akivaa kitambaa chake na kuondoka bila kualikwa, Yllka akiendesha, wakipita kumbi zote za barabara ya Gjakova ambako wimbo ulikuwa bado haujachezwa usiku huo. Walinzi walikuwa vijana wa kazi, wakamzuia mlangoni wakamuuliza yeye ni mgeni wa upande gani.

"Mimi ndiye mnayemngoja," alikuwa akiwaambia, na ndani muziki ulikuwa umeshasimama, na walinzi nao wamesimama mikono ikiwa imenyooshwa, akapita katikati yao.